Chakula, Mwanga na Retina: Kinacholinda Jicho na Kisichoweza Kulilinda



Madukani, katika vituo vya mabasi na katika simu zetu za mkononi, vidonge vya kulinda macho vinauzwa kila siku. Baadhi vimetengenezwa kwa vipimo vinavyojulikana. Vingine havina hata orodha ya vilivyomo. Vyote hutumia maneno yaleyale: antioksidanti, luteini, kinga dhidi ya mwanga. Maneno hayo si ya uongo. Nyuma yake ipo elimu ya kweli iliyotafutwa kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba elimu hiyo inasema jambo lenye mipaka, ilhali tangazo linasema jambo lisilo na mpaka.

Katika somo hili tunakusudia kuuonyesha mpaka huo. Ukilimaliza utaweza kueleza jinsi mwanga unavyoweza kuidhuru retina, kuchagua vyakula vinavyoisaidia, kumtambua mtu anayefaidika na vidonge na yule asiyefaidika, na kujua ni wakati gani fedha ya vidonge ingefaa iwe nauli ya kwenda kliniki ya macho.

1. Retina na mwanga

Mwanga huingia jichoni kupitia konea, yaani kioo cha mbele. Hupita katika tundu la mboni, hukusanywa na lenzi, kisha huangukia retina. Retina ni utando mwembamba uliotandazwa ndani ya jicho, upande wa nyuma. Humo zimo seli za kupokea mwanga: takriban milioni 120 zinazotuwezesha kuona katika mwanga hafifu, na takriban milioni 6 zinazotuwezesha kutambua rangi na vitu vidogo.

Katikati ya retina kuna eneo dogo liitwalo doa la njano. Ndilo tunalolitumia kusoma, kutia uzi katika sindano na kuitambua sura ya mtu. Doa hili likiharibika, mtu huweza kutembea sebuleni bila kugonga viti, lakini asiweze kumtambua kwa macho mjukuu anayemwamkia.

Retina hudhurika kwa urahisi kwa sababu tatu. Kwanza, hupokea mwanga uliokusanywa na lenzi mchana kutwa. Pili, hutumia oksijeni nyingi kuliko sehemu nyingi za mwili. Tatu, seli zake zimejaa mafuta laini ya aina ile inayopatikana katika samaki, nayo huharibika upesi yakikutana na mwanga na oksijeni, kama vile mafuta ya kupikia yanavyoharibika na kutoa harufu yakiachwa wazi juani.

Mwaka 1966 mtafiti Werner Noell na wenzake, nchini Marekani, walionyesha kwamba panya waliowekwa chini ya mwanga wa kijani kwa saa nyingi mfululizo walipoteza seli za kupokea mwanga, ingawa mwanga huo haukuwa mkali kiasi cha kuunguza. Mwaka 1976 William Ham na wenzake walionyesha kwa nyani kwamba mwanga wa samawati huijeruhi retina kwa nguvu ndogo zaidi kuliko mwanga wa rangi nyingine unaoonekana. Kuanzia hapo ilifahamika kwamba mwanga una njia mbili za kudhuru: joto linalochoma mara moja, na mabadiliko ya kikemikali yanayojikusanya polepole.

Hata hivyo, jicho halikuachwa bila ulinzi. Kope hufumba, mboni hujibana, na lenzi ya mtu mzima huzuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno isifike nyuma. Rangi ya njano iliyomo katika doa la njano huchuja mwanga wa samawati. Aidha, kila siku seli za kupokea mwanga huzitupa ncha zake kuukuu, takriban sehemu moja ya kumi, na kuotesha nyingine. Ulinzi huu hupungua kadiri umri unavyosonga, na masalia yasiyoweza kusafishwa hujikusanya chini ya retina.

Tusiuone mwanga kuwa ni adui. Mtoto anayecheza nje mchana hupunguza uwezekano wa kupata tatizo la kutoona mbali. Kinachodhuru ni mwanga uliozidi nguvu au muda, hasa machoni pa mtu ambaye ulinzi wake umepungua.

2. Antioksidanti hufanya nini

Kata parachichi uliache mezani. Baada ya muda uso wake hugeuka kahawia, kwa kuwa umekutana na oksijeni. Ukilikamulia limau, weusi huo hukawia. Miongoni mwa vitu vinavyofanya kazi hiyo katika limau ni vitamini C, na hiyo ni antioksidanti.

Ndani ya retina, mwanga na oksijeni huzalisha chembe zisizotulia, ambazo wanasayansi huziita radikali huru. Chembe hizi hunyang'anya elektroni kutoka katika mafuta na protini za seli, na kilichonyang'anywa hunyang'anya jirani yake, hadi ukuta wa seli unadhoofika. Antioksidanti ni kitu kinachotoa elektroni yake kwa hiari na kuikata minyang'anyo hiyo njiani.

Zinazohusika zaidi na jicho ni hizi:

- Vitamini C, inayofanya kazi katika majimaji ya jicho na ya seli.
- Vitamini E, inayofanya kazi ndani ya mafuta ya kuta za seli.
- Luteini na zeaksanthini, ndizo rangi za njano zilizomo katika doa la njano. Zina kazi mbili: kuchuja mwanga wa samawati na kuzituliza radikali huru. Mwili hauwezi kuzitengeneza; zote hutoka katika chakula.
- Madini ya zinki na shaba. Haya si antioksidanti yenyewe, bali vimeng'enya vya mwili vinavyopambana na radikali huru huyahitaji ili vifanye kazi.

Hadi hapa mambo yanaonekana mepesi: mwanga huzalisha uharibifu, antioksidanti huuzuia, basi tumeze antioksidanti. Hapo ndipo muuzaji huishia. Sisi tunaomba tusogee hatua moja zaidi, tuulize imekuwaje pale jambo hili lilipopimwa kwa watu.

3. Utafiti umeonyesha nini

Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwalinganisha wagonjwa 356 waliokuwa na hatua kali ya uchakavu wa doa la njano unaotokana na umri, na watu 520 wasiokuwa na ugonjwa huo. Waliokula kwa wingi vyakula vyenye karotenoidi, hasa majani ya kijani yaliyokolea, walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuugua, pungufu kwa asilimia 43 kuliko waliokula kidogo sana.

Mwaka 2008 uchunguzi uliofanyika katika nchi saba za Ulaya ulitoa matokeo ya watu zaidi ya 4,700 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea. Walipowatazama watu wote kwa pamoja, watafiti hawakuona uhusiano kati ya mwanga wa samawati uliompata mtu maishani na uchakavu mkali wa doa la njano. Lakini kwa watu ambao damu yao ilikuwa na kiwango cha chini kabisa cha antioksidanti, uhusiano huo ulijitokeza. Kwa maneno mengine, mwanga uleule ulikwenda pamoja na madhara zaidi kwa mtu aliyepungukiwa na akiba ya chakula.

Chunguzi kama hizi zina upungufu wake: anayekula mboga nyingi huenda pia havuti sigara na hufanya mazoezi. Ili kujua kama ni mboga au ni mwenendo mzima wa maisha, hufanywa majaribio ambamo watu hugawanywa kwa bahati nasibu. Jaribio kubwa la aina hiyo lilianza Marekani mwaka 1992 chini ya Taasisi ya Taifa ya Macho ya nchi hiyo, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2001. Washiriki walipewa vitamini C miligramu 500, vitamini E IU 400, beta-karotini miligramu 15, zinki miligramu 80 na shaba miligramu 2 kwa siku, au vidonge visivyo na kitu.

Matokeo yalikuwa haya. Miongoni mwa watu ambao tayari walikuwa na uchakavu wa kati, au ambao jicho moja lilikwishafikia hatua kali, watu 28 kati ya kila 100 waliopewa vidonge vitupu walifikia hatua kali ndani ya miaka mitano. Waliopewa mchanganyiko kamili, walifikia hatua hiyo watu 20 kati ya kila 100. Tofauti ya watu wanane kati ya mia si ndogo kwa anayeogopa kupoteza uwezo wa kusoma. Lakini zingatia pia yale ambayo matangazo hayayataji:

- Kwa watu wasio na ugonjwa, au walio katika hatua ya awali, vidonge havikuonyesha faida.
- Vidonge havikurudisha uoni uliokwishapotea.
- Vidonge havikuzuia mtoto wa jicho.

Jaribio la pili lilianza mwaka 2006 na matokeo yakatolewa mwaka 2013, likiwa na washiriki 4,203. Hapo beta-karotini iliondolewa kwa baadhi yao na kuwekwa luteini miligramu 10 na zeaksanthini miligramu 2. Mchanganyiko huo mpya ulifanya kazi angalau sawa na ule wa kwanza, nao ulikuwa salama zaidi. Mafuta ya samaki ya vidonge, yaliyojaribiwa pia, hayakuongeza faida.

Kwa nini beta-karotini iliondolewa? Jambo hili linamhusu kila mvutaji sigara. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara 29,133 walishiriki katika jaribio ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 1994. Waliopewa beta-karotini miligramu 20 kwa siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Jaribio jingine nchini Marekani lilisimamishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu ya hatari hiyohiyo. Kitu kilichodhaniwa kuwa kinga kiligeuka kuwa madhara kilipotolewa kwa wingi, peke yake, kwa mtu ambaye mapafu yake yamezoea moshi. Karoti na viazi vitamu vya rangi ya chungwa havikuleta madhara hayo. Ni vidonge vya kiwango kikubwa.

Funzo ni hili: chakula chenye antioksidanti ni cha watu wote, vidonge ni vya wagonjwa wachache wanaojulikana kwa vipimo.

4. Sahani kabla ya chupa

Habari njema ni kwamba vyakula vinavyohitajika si vigeni kwetu, na vingi ni vya bei nafuu.

*Majani ya kijani yaliyokolea.* Mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, mnafu na sukuma wiki ni hazina ya luteini. Gramu 100 za spinachi iliyopikwa huwa na zaidi ya miligramu 10 za luteini na zeaksanthini kwa pamoja, kiasi kinachokaribia kile cha kidonge cha siku. Kadiri jani lilivyo la kijani zaidi, ndivyo kwa kawaida linavyokuwa na luteini zaidi. Kabichi nyeupe haiwezi kushika nafasi ya mchicha.

*Vyakula vya njano.* Mahindi ya njano, kiini cha yai na pilipili hoho za njano zina luteini au zeaksanthini. Yai lina kiasi kidogo kuliko mboga, lakini mafuta yaliyomo huusaidia mwili kukipokea chote vizuri.

*Matunda.* Mapera yanaongoza kwa vitamini C: gramu 100 za pera huwa na zaidi ya mara tatu ya vitamini C iliyomo katika gramu 100 za chungwa. Machungwa, mapapai, maembe na ubuyu navyo ni vizuri.

*Mbegu na jamii ya kunde.* Karanga, mbegu na mafuta ya alizeti, pamoja na parachichi, hutupatia vitamini E. Nyama, maharage, kunde na mbegu za maboga hutupatia zinki. Kuloweka maharage kabla ya kuyapika huusaidia mwili kuyapata madini yake.

*Samaki.* Dagaa na samaki wenye mafuta hutoa mafuta ambayo retina hujengewa. Vidonge vya mafuta ya samaki havikuonyesha faida katika jaribio tulilolitaja, lakini samaki katika mlo wa familia bado ni chakula bora.

Namna ya kupika ina uzito wake. Luteini huyeyuka katika mafuta, wala haipokelewi vizuri na mwili pasipo mafuta. Mchicha uliochemshwa kwa maji matupu hutoa kidogo kuliko mchicha uliokaangwa kwa mafuta kiasi au kuungwa kwa tui. Mapishi ya mchicha wa nazi na kisamvu cha karanga tuliyorithi kwa bibi zetu yanakubaliana kabisa na elimu hii. Vitamini C, kwa upande wake, huharibiwa na moto wa muda mrefu na hutoka pamoja na maji yanayomwagwa. Kwa hiyo mboga laini zipikwe kwa muda mfupi na kwa maji machache, na matunda yaliwe mabichi. Kisamvu hakimo katika kanuni hii: ni lazima kitwangwe na kuiva barabara ili sumu yake ya asili iondoke.

Tahadhari moja: mtu anayetumia dawa ya warfarini ya kuzuia damu kuganda asiongeze wala kupunguza majani ya kijani ghafla bila kumweleza daktari wake, kwa kuwa vitamini K iliyomo hubadili nguvu ya dawa hiyo.

5. Pale ambapo kidonge ni cha lazima: mtoto na vitamini A

Tumesema vidonge ni vya wachache. Lipo jambo ambalo hatutaki lichanganywe na kauli hiyo. Retina hutengeneza kitu cha kunasa mwanga kutokana na vitamini A. Mtoto anayepungukiwa nayo huanza kwa kushindwa kuona jioni, akajikwaa mlangoni au akashindwa kuiona sahani yake giza linapoanza. Upungufu ukiendelea, konea hukauka, hupata vidonda, na upofu usioponyeka hufuata.

Ndiyo maana watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita: IU 100,000 kwa wenye miezi 6 hadi 11, na IU 200,000 kwa wenye miezi 12 na kuendelea. Mpeleke mtoto apewe katika kituo cha afya, na tarehe iandikwe katika kadi yake. Usimnunulie vitamini A mtaani ukampa kwa kukisia, kwa maana ikizidi ni sumu. Mama mjamzito naye asimeze vidonge vya vitamini A ila kwa maelekezo ya mtoa huduma wa afya, kwa sababu kiwango kikubwa kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

6. Mwanga ambao hakuna chakula kinachouzuia

Hakuna kiasi cha mchicha wala kidonge kinachoweza kuilinda retina dhidi ya mambo yafuatayo.

*Kulitazama jua.* Lenzi ya jicho hulikusanya jua katika nukta moja, kama kioo cha kukuzia kinavyochoma karatasi. Retina haina hisia ya maumivu. Mtu huumia bila kujua, na doa jeusi katikati ya uoni huonekana saa kadhaa baadaye. Hatari hii huongezeka wakati wa kupatwa kwa jua. Tarehe 1 Septemba 2016 watu wengi walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kulitazama jua likipatwa na kubaki pete ya moto. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena: kikamilifu katika nchi kama Misri, Saudi Arabia na sehemu ya Somalia, na kwa sehemu tu hapa Afrika Mashariki. Katika kupatwa kwa sehemu, hakuna hata dakika moja iliyo salama kwa macho matupu. Filamu ya eksirei, kioo kilichofukizwa moshi, miwani ya kawaida ya jua na taswira ya jua katika beseni la maji havifai. Tumia miwani maalumu yenye alama ya kiwango cha ISO 12312-2 isiyo na mkwaruzo, au toboa tundu dogo katika kadibodi, ulipe jua mgongo, na utazame taswira yake ikianguka juu ya karatasi nyeupe.

*Kalamu za leza.* Baadhi huuzwa kama vitu vya kuchezea watoto, ilhali nguvu yake inatosha kuchoma retina kwa kufumba na kufumbua. Usimnunulie mtoto kitu cha namna hiyo.

*Kuchomelea vyuma.* Fundi na msaidizi wake wote wavae kinga yenye kioo kinachostahili. Mtoto anayesimama pembeni kutazama cheche yumo hatarini kama fundi mwenyewe.

*Jua la kila siku.* Uchunguzi wa wavuvi 838 wa Chesapeake Bay, Marekani, uliochapishwa mwaka 1988 na 1992, uliihusisha miale ya urujuanimno ya miaka mingi na mtoto wa jicho, na mwanga wa samawati na uchakavu mkali wa doa la njano. Mvuvi, mkulima, askari wa barabarani na dereva wa bodaboda wana sababu ya kuvaa kofia yenye ukingo mpana na miwani yenye alama ya UV400. Giza la kioo si kipimo: miwani nyeusi isiyozuia urujuanimno huifanya mboni ipanuke, na miale zaidi ikaingia.

Kuhusu simu na kompyuta, tunasema waziwazi kwamba mwanga wake ni mdogo mno ukilinganishwa na ule wa anga ya mchana. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2023 hayakuona kwamba miwani ya kuchuja mwanga wa samawati hupunguza uchovu wa macho kwa watumiaji wa kompyuta. Uchovu huo hutokana zaidi na kukodoa macho bila kupepesa. Pumzika na utazame mbali mara kwa mara. Ni tiba isiyonunuliwa.

7. Kabla ya kununua

Tuchukue mfano. Mama mwenye umri wa miaka 62 anaona maandishi yakififia. Jirani anamshauri anunue vidonge vya macho, naye anavimeza kwa miezi sita. Huenda alihitaji miwani ya kusomea tu. Huenda ni mtoto wa jicho, anayeondolewa kwa upasuaji, na uoni ukarudi. Lakini huenda ni presha ya jicho, ambayo huua mshipa wa kuonea kimyakimya, na kilichokufa hakifufuki. Katika hali zote tatu vidonge havikumsaidia. Katika ile ya tatu, miezi sita hiyo imemgharimu sehemu ya uoni wake. Hasara kubwa ya kidonge kisichofaa si bei yake, bali ni muda uliopotea.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, jiulize:

1. Je, nimepimwa retina, mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa, na kuambiwa nina uchakavu wa kati wa doa la njano, au kwamba jicho moja limekwishafikia hatua kali? Kama sivyo, vidonge hivi havikukusudiwa kwa ajili yangu.
2. Je, lebo inataja kila kilichomo na kiasi chake kwa miligramu? Maneno "mchanganyiko wa siri" ni sababu ya kuirudisha chupa.
3. Je, ninavuta au niliwahi kuvuta sigara? Kama ndivyo, nisichukue chochote chenye beta-karotini.
4. Je, ninatumia dawa nyingine? Vitamini E nyingi huweza kuongeza uwezekano wa kutokwa damu kwa anayetumia warfarini, na zinki nyingi hupunguza shaba mwilini.
5. Je, muuzaji anaahidi kuponya mtoto wa jicho, presha ya jicho au kuondoa haja ya miwani? Ahadi hiyo peke yake inatosha kumkataa.
6. Je, bidhaa inajulikana kwa mamlaka? Nchini Tanzania, dawa husajiliwa na TMDA, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vyakula uko chini ya TBS. Tunza risiti na chupa. Bila hivyo lalamiko huwa gumu kufuatiliwa.

Na kwa mvutaji sigara tunaongeza neno moja: katika yale yote yaliyo ndani ya uwezo wa mtu kuyabadili, uvutaji sigara ndiyo hatari kubwa kuliko zote kwa doa la njano. Kuacha sigara kunamfaa kuliko chupa yoyote.

8. Dalili zisizosubiri

Fika hospitali yenye huduma ya macho siku hiyohiyo ukiona miali ya mwanga inayometameta, vidoa vyeusi vingi vinavyoelea ghafla, pazia linaloshuka upande mmoja wa uoni, au jicho kupoteza uoni kwa ghafla.

Kwa uchakavu wa doa la njano, jipime nyumbani. Vaa miwani yako ya kawaida, ziba jicho moja, tazama kwa jicho la pili nondo zilizonyooka za dirisha au mistari ya vigae vya ukutani, kisha badilisha. Mstari ulionyooka ukionekana umepinda, umekatika au una doa katikati, usingoje. Aina moja ya uchakavu mkali hutibiwa kwa sindano, na sindano hizo hufaa zaidi zikianza mapema. Mwenye kisukari apimwe retina kila mwaka hata kama anaona vizuri.

Maswali ya kujipima

1. Kijana wa miaka 25 mwenye macho mazima anataka kumeza luteini ili asipate uchakavu wa doa la njano uzeeni. Utamshauri nini?
2. Kwa nini mchicha ulioungwa kwa tui unaifaa retina kuliko uliochemshwa kwa maji matupu?
3. Mzee aliyeacha sigara miaka kumi iliyopita ameletewa vidonge vya macho. Atazame nini kwanza katika lebo?
4. Je, kulitazama jua lililopatwa katika beseni la maji ni salama?

Majibu

1. Vidonge havikuonyesha faida kwa watu wasio na ugonjwa. Ale mboga za majani na matunda, asivute sigara, na ayakinge macho na jua kali.
2. Kwa sababu luteini huhitaji mafuta ili ipokelewe na mwili.
3. Kama kuna beta-karotini. Ikiwamo, asivitumie.
4. Hapana. Maji hupunguza mwanga, lakini hayapunguzi kiasi cha kutosha.

Tunakuomba, ndugu msomaji, ukimaliza kusoma umpe kijitabu hiki jirani yako, hasa yule ambaye chupa yake ya vidonge imo kabatini lakini macho yake hayajawahi kupimwa.